Mishale Isiyotoboa

Nyumba ya kwanza yenye ua tuliyopanga Amerika ilikuwa pembezoni mwa Fort Worth, karibu na reli ya mizigo. Kabla ya hapo tulikaa miaka miwili katika jengo la ghorofa pamoja na familia nyingine za Wakongo, wote tuliotoka makambi ya Kigoma, na kila asubuhi gari la kanisa lilituchukua wanaume kutupeleka kazini ghalani. Mke wangu alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Nilipopata leseni ya kuendesha, alisema sasa imetosha, anataka mahali anapoweza kutwanga sombe, majani ya muhogo, bila mtu wa chini kugonga dari kwa ufagio.

Nyuma ya nyumba hiyo, kwenye mpaka wetu na jirani, ulisimama mti wa miiba ambao hakuna mmoja wetu aliyeujua. Ilipofika Oktoba ukaanza kuangusha matunda makubwa ya kijani, kila moja la kujaza mikono miwili, ngozi imejikunja kama utumbo wa mbuzi. Binti yetu aliyaogopa. Mke wangu hawezi kuona tunda bila kuuliza linaliwaje, basi akalikata moja kwa kisu cha jikoni. Likatoka utomvu mweupe kama wa fenesi, ukamganda vidoleni.

"Mama, hilo haliliwi!" ilisikika sauti upande wa pili wa uzio. "Kindi tu ndio wanaolitaka, nao wanachagua mbegu!"

Ndivyo tulivyoanza kujuana na jirani. Alikuwa Mzungu wa miaka sabini hivi, mrefu, bega lake la kulia limekaa chini kidogo kuliko la kushoto. Alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha ndege, alikokuwa akipiga ribiti kwenye mabawa. Mkewe alishafariki, na binti yake wa pekee alikuwa muuguzi huko Pearland, kusini mwa Houston. Nilimuuliza mti huo unaitwaje. Akasema "bodaki", au ndivyo nilivyosikia, na neno hilo halikuniambia kitu.

Wiki iliyofuata alinikaribisha kwenye gereji yake. Gari halikuwemo, kulikuwa na meza ya useremala, magogo yaliyopasuliwa, na harufu ya mbao mbichi. Juu ya kila gogo alikuwa ameandika kwa chaki mwaka aliolikata na jina la mti. Nilipolisoma jina hilo nikasimama. Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na miaka kadhaa nilifundisha imla ya Kifaransa.

"Lakini hiki ni Kifaransa," nilimwambia. "Bois d'arc. Mti wa upinde."

"Maana naijua," alisema. "Wawindaji wa Kifaransa waliwakuta wenyeji wa huku wakitengeneza pinde kwa mti huu. Lakini hebu sema tena."

Nikasema tena. Akanitaka niseme mara ya tatu, naye akijaribu kunifuata, ulimi wake wa Texas ukilivunja neno katikati. Akacheka hadi akavua miwani. "Nimelisema vibaya maisha yangu yote," alisema, "na baba yangu kabla yangu." Tangu siku hiyo aliniita Jirani, nami nikamwita Mzee, neno ambalo mke wangu alimfundisha na ambalo alilivaa kama medali.

Alikuwa akitengeneza pinde. Si zile fupi za kuwindia, bali ndefu kama mtu mzima, za mtindo wa Waingereza wa karne nyingi zilizopita. Alikausha mti miaka, akaondoa sehemu nyeupe ya nje, akabakiza mbao ya manjano ya ndani, kisha akaipara kwa kisu chenye mipini miwili, akifuata mstari mmoja wa ukuaji wa mti kutoka ncha hadi ncha. Akiukata mstari huo mahali popote, upinde utavunjika. Nilipenda kumwangalia. Kazi ya ghalani haina mwisho wa kuonekana. Ukimaliza lori moja, jingine linaingia. Pale gerejini kitu kilianza kikiwa gogo na kikaisha kikiwa upinde.

Siku ya kwanza aliyonipa upinde uliokamilika nijaribu kuuvuta, sikuufikisha hata kifuani. Mimi niliyekuwa nikibeba maboksi mchana kutwa.

"Si nguvu tu," alisema. "Wale waliokuwa wakiutumia walianza wakiwa watoto. Kila mwaka upinde mzito zaidi. Waliochimbua mifupa yao waliona mabega yamekua upande mmoja. Mtu hakujifunza upinde, alikua nao."

Alikuwa mwanachama wa kikundi cha watu waliovaa kama askari wa kale na kuigiza vita vya Waingereza na Wafaransa. Vita moja aliipenda kuliko zote, na Jumamosi moja alinionyesha juu ya meza. Alipanga bolti kubwa katikati. Hao walikuwa Wafaransa, mashujaa wenye mavazi ya chuma kutoka utosini hadi vidole vya miguu. Misumari midogo ilikuwa Waingereza, wachache, wenye njaa, wengi wao wagonjwa wa kuhara. Vipande viwili vya mbao aliviweka kama misitu, kimoja kulia na kimoja kushoto, uwanja ukizidi kuwa mwembamba katikati yao. Vumbi la mbao akalimwagia kahawa yake, likawa matope.

"Wapiga mishale wako hapa na hapa, pembeni," alisema akisogeza misumari. "Wafaransa wanakuja kwa miguu, kundi kubwa mno. Na hawa wanaachia. Mishale kumi kwa dakika, kila mtu. Fikiria! Kabla ya bunduki ya rashasha, kulikuwa na huu." Akaupapasa upinde ukutani, kisha akaigiza mlio wa mishale kwa midomo, na mkono wake ukaziangusha bolti moja baada ya nyingine.

Mlio wa rashasha naujua, na haufanani na ule alioufanya kwa midomo. Lakini hakuwa na ubaya moyoni. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesimulia mechi ya mpira ambayo timu ndogo ilishinda.

Baadaye kidogo nilimwona akifanya jaribio. Alikata bati nene la chuma kutoka pipa kuukuu la kuchemshia maji, akalipinda liwe kama kifua cha mtu, akalining'iniza uani mbele ya marobota ya nyasi. Akarudi nyuma mpaka kwenye uzio, akavuta, akaachia. Mshale uligonga, ukateleza, ukaishia kwenye nyasi pembeni. Wa pili ulipinda ncha. Alisogea karibu sana, akapiga moja kwa moja, na safari hiyo ncha ikaingia, kiasi cha ukucha.

"Sasa, Mzee," nilimuuliza, "kama mshale hautoboi, wale wa chuma walikufaje?"

Alikuna kidevu. "Si wote walikuwa na chuma kizuri. Na wachache walitangulia kwa farasi, ambao hawakufunikwa wote. Farasi akipigwa anageuka na kukanyaga walio nyuma. Halafu matope. Halafu uchovu."

"Lakini ulisema ni upinde."

"Nilisema ni upinde," alikubali, akiutazama ule mshale uliopinda. "Hilo ni jambo wanaolisoma wanagombania hadi leo, Jirani. Mimi nimeegemea upande wa upinde kwa sababu ndio ninaoupenda."

Swali hilo lilinifuata kazini. Nikipanga maboksi juu ya mengine nilikuwa nikiwawaza wale watu wa chuma. Ilikuwa ajabu kwangu kwamba silaha isiyoingia mwilini ishinde vita, na ajabu zaidi kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikijisumbua nayo.

Mke wangu hakuifurahia safari yangu ya kila Jumamosi gerejini.

"Papa," alisema siku moja akichambua maharage, "sisi tulikimbia vita. Wewe unaenda kuitafuta kwa muzee wa Kizungu, tena na kahawa mukononi."

"Ni vita ya zamani sana, Mama. Waliokufa hata makaburi yao hayajulikani."

"Hawakukuwa na mama zao?"

Kilichomlainisha ni mchi. Ule tulioununua kwenye duka la Waafrika ulipasuka, na mlio wa kutwanga ukabadilika, naye Mzee akausikia akiwa kwake. Alikuja kuuangalia, akapima urefu wake kwa mkono, akaondoka. Baada ya siku chache alileta mchi mpya wa ule mti wake, wa manjano kama bizari, mzito, umepigwa msasa hadi unang'aa. Mke wangu aliujaribu palepale. "Huyu muzee iko na mikono," alisema, na jioni akampelekea sahani ya sombe na ugali na samaki mkavu. Mzee alimaliza sombe yote. Samaki alimrudisha kwa heshima, kichwa kikiwa bado kizima, akisema samaki huyo alikuwa akimtazama.

Kwa hiyo Machi iliyofuata, Mzee alipotualika kwenye mkusanyiko mkubwa wa kikundi chake, katika shamba la mtu nje ya Houston, mke wangu hakukataa. Alikuwa na sababu yake pia: binamu yake alikuwa akikaa Alief, mtaa wa Houston, na huko kulikuwa na mawese na ndagala, dagaa wa kwetu, kwa bei nafuu. Tukapanda pikapu ya Mzee, mimi mbele, mke wangu kiti cha nyuma na watoto wetu wawili, pinde zimefungwa kwenye turubai. Kupita Corsicana mvua ilianza na haikuacha. Tulilala kwa binamu, asubuhi tukawaachia watoto huko, na sisi watatu tukaenda shambani.

Uwanja wenyewe ulikuwa umelowa. Pande mbili kulikuwa na misonobari, na katikati nyasi zilizokanyagwa hadi zikawa tope. Watazamaji walisimama nyuma ya kamba, wakila soseji. Mzee, aliyevaa koti la kahawia la zamani na kofia ya kubana, alikutana na wenzake, wakashikana mabega. Shida yao, walisema, ilikuwa Wafaransa. Kila mtu anataka kuwa mpiga mishale. Hakuna anayetaka kuvaa chuma na kutembea kwenye matope apigwe.

"Jirani yako anasema Kifaransa!" alisema mmoja, ambaye Mzee alishamsimulia habari zangu, nao wote wakacheka na kunitazama.

Mzee akageuka haraka. "Si lazima," aliniambia.

Nilikubali. Kusema kweli ni lile swali. Nilitaka kujua ikoje kuwa bolti.

Wakanivisha koti nene la pamba, kofia ya chuma yenye upenyo mwembamba wa kuonea, na buti za mtu mwingine. Mishale ilikuwa na vichwa vya mpira vikubwa kama ngumi ya mtoto, mtu asiumie. Mke wangu alinipiga picha akasema ninafanana na sufuria. Kisha tukapangwa mwisho wa uwanja, watu wengi kuliko nilivyodhani, mafundi wa kompyuta, walimu, madereva, wote chuma juu. Mtu mmoja akapiga kelele, tukaanza kutembea.

Ndani ya kofia kulikuwa na pumzi yangu tu. Buti zilizama, kila hatua nikalazimika kuvuta mguu kama ninang'oa muhogo. Halafu mlio ukaja, si ule wa midomo ya Mzee. Ulikuwa kama ndege wengi wanaoruka kwa pamoja. Wa kwanza ulinipiga begani. Haukuuma. Ni kama mtu amekurushia chungwa. Lakini wa pili uligonga kofia, na mwili wangu ukaamua wenyewe: nikainamisha uso. Wote tuliinamisha. Ukiinua kichwa, upenyo wa macho uko wazi, na hakuna mtu anayeweza kulazimisha macho yake yabaki hapo.

Kwa hiyo tulitembea bila kuona. Waliokuwa pembeni walikuwa wakipigwa zaidi, nao wakajisogeza ndani. Sisi wa ndani tukabanwa. Walio nyuma hawakuwa wakipigwa na hawakuona kitu, wakaendelea kusukuma. Mkono wangu wa kulia ulikwama kati yangu na mtu mwingine. Nilitaka kuunyanyua haukunyanyuka. Mtu wa mbele yangu akajikwaa, akaanguka kifudifudi. Alicheka kwanza. Kisha mguu wa mtu ukapita mgongoni mwake, halafu wa mwingine, na nikasikia sauti yake ikibadilika chini pale. "Ngojeni," alisema. "Ngojeni, ngojeni."

Nilijua sauti hiyo.

Mwaka wa tisini na sita, vita vilipofika mjini kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, watu wote tulikimbilia kusini. Barabara hiyo ina mlima upande mmoja na maji upande mwingine. Risasi zilitoka juu mlimani. Hazikuwa nyingi, na kwa umbali ule sidhani ziliua watu wengi. Lakini kila ziliposikika, walio upande wa mlima walisogea upande wa ziwa, na walio upande wa ziwa hawakuwa na pa kwenda, na walio nyuma hawakujua kitu, wakasukuma. Baba yangu alikuwa nyuma yangu, amenishika shati. Alikuwa mtu wa kwaya, sauti yake ilikuwa ikisikika juu ya watu, akiniambia nitembee, nisigeuke, nitembee. Karibu na daraja shati langu likawa jepesi.

Pale shambani nilipiga kelele. "Simameni! Kuna mtu chini! Simameni!" Nililia kwa Kiswahili, katikati ya Texas, na hakuna aliyeelewa isipokuwa mtu mmoja. Mke wangu alipita chini ya kamba akiwa na viatu mkononi na kukimbilia uwanjani, mishale ingali hewani. Mzee alimwona. Aliutupa upinde wake matopeni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akanyanyua mikono yote miwili na kuwazuia wenzake. Mishale ikakoma. Watu wakajitenga. Yule aliyeanguka akainuliwa, kijana wa miaka thelathini hivi, tope hadi kwenye meno, buti moja imepotea. Hakuwa na jeraha lolote. Alikuwa akicheka tena, akiuliza nani alipiga kelele ili amnunulie bia.

Mimi nilikaa chini. Nilivua kofia.

"Nani iko chini?" mke wangu aliuliza, akiwa amepiga magoti mbele yangu. "Papa, nani?"

"Baba," nilisema.

Mzee alifika, akasimama juu yetu akihema. Nikamweleza yeye, kwa Kiingereza. Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha ghalani, maneno ya inua, weka, simama, na labda ndiyo sababu niliweza. Kwa Kiswahili ningetafuta namna nzuri ya kusema. Kwa Kiingereza nilikuwa na maneno machache tu, nayo yakatoka kama yalivyo: kulikuwa na risasi. Hazikumpiga baba yangu. Watu walimkanyaga. Watu wetu. Walikuwa wanaogopa. Nilirudi jioni, nikamkuta pembeni mwa daraja pamoja na wengine, na hakuwa na damu.

Mke wangu alielewa kila neno. Tulikutana kambini, miezi baada ya siku hiyo, na alichokijua ni kwamba baba mkwe wake alikufa vitani. Alinishika uso kwa mikono yenye tope.

Mzee alikaa chini karibu nasi, na koti lake zuri. Watu wengine walianza kurudi chini ya misonobari, wakituacha.

"Walioandika siku zile wanalisema hilo," alisema mwishowe, akiangalia uwanja. "Wanasema marundo ya watu yalikutwa bila jeraha. Waliokosa hewa. Kila nikifika kwenye ukurasa huo huupita haraka."

"Kwa nini?" mke wangu alimuuliza kwa Kiingereza chake.

"Kwa sababu nikiusoma polepole siwezi tena kuufurahia upinde."

Hatukubaki kuona vita ya mchana. Alitupeleka hadi Alief, akakataa chai, akaenda kulala kwa binti yake Pearland na kuahidi kuturudia kesho yake. Katika maegesho ya magari, kabla hatujaingia kwa binamu, mke wangu alinishika mkono.

"Miaka hii yote mimi nilijua risasi," alisema.

"Sikukwambia risasi. Nilikwambia vitani."

"Ni kweli. Risasi niliiweka mimi." Akafikiri. "Kwa nini hukuniambia vile alikufa?"

Nilijaribu kumweleza. Mtu akiuawa kwa risasi kuna aliyeifyatua. Unaweza kumchukia, unaweza hata kumsamehe. Ile miguu ilikuwa ya watu tuliosali nao. Ilikuwa ya wanawake wenye watoto mgongoni. Kila nilipoenda kanisani Fort Worth na kukuta watu wa kwetu, niliangalia nyuso, sikuangalia miguu. Na sikuona namna ya kusema habari hiyo bila mtu fulani kujiuliza kama alipita pale.

"Basi tumulilie upya," alisema, "kwa namna alivyokufa."

Ndivyo tulivyofanya. Wiki mbili baadaye, baada ya ibada, katika ukumbi tuliokuwa tukiukodi kwa sala za Kiswahili, mchungaji alitupa nafasi. Wanawake walipika. Nilisimama nikasema jina la baba yangu, jina la daraja, na kilichotokea, bila kuongeza. Mzee alikuja na tai, akakaa mstari wa nyuma, hakuelewa kitu na hakuondoka. Nilipomaliza, mtoto mmoja aliuliza kwa Kiingereza kama sasa tunaweza kula. Kisha mwanaume mmoja wa umri wangu, mtu niliyekuwa nikipanda naye gari la kanisa kwenda ghalani miaka miwili mizima, akasimama. Alisema na yeye alikuwa kwenye barabara hiyo. Alimbeba mama yake mgongoni. Hakuweza kuona chini. Alisema hivyo mara mbili, kwamba hakuweza kuona chini. Nilikwenda nikamkumbatia. Sikumuuliza alipita daraja saa ngapi, na sijamuuliza hadi leo.

Mzee aliendelea kutengeneza pinde, na mimi niliendelea kwenda gerejini. Sitaki kusema kwamba aliacha kupenda alichokipenda. Aliendelea kupiga mishale kwenye marobota ya nyasi, na siku moja alinifundisha mpaka nikaweza kuuvuta upinde mwepesi hadi kidevuni. Lakini ile vita ya bolti hakuipanga tena mbele yangu, na wageni wake wakimuuliza kama kweli upinde ulikuwa bunduki ya rashasha ya zama zile, nilimsikia akijibu tofauti. Alisema mshale ulifanya kazi tatu: uliinamisha vichwa, ulikusanya watu, na uliwachosha, kilichobaki watu walifanyiana wenyewe, na wapiga mishale wakaja kuwamalizia walioanguka kwa nyundo. Alilisema kwa sauti ndogo kuliko ile ya zamani. Wengine walionekana kukosa hamu.

Bega lake lilipochoka kabisa alihamia Pearland kwa binti yake. Tulimsindikiza, mke wangu akamfungia chakula cha njiani.

Dada yangu mkubwa alikuwa Bujumbura miaka yote hiyo. Nilichelewa kumwambia, simu zilikuwa ghali na mstari ulikatika katika maneno muhimu. Hatimaye, barabara za kwetu zilipotulia kidogo, alinipigia kusema anarudi nyumbani na wanawe, na akaniuliza baba amelazwa wapi hasa. Nikamweleza yote, na kwamba alizikwa palepale kando ya daraja pamoja na wengine.

"Alisema nini mwisho?" aliuliza.

"Aliniambia nitembee, nisigeuke."

Nilimsikia akivuta pumzi, halafu, kwa mshangao wangu, akacheka huku analia. "Baba na kuamrisha," alisema. "Hata kwenye kwaya hakuwa anatuacha tupumue."

Mwezi uliofuata alikwenda na wanawe watatu. Daraja la zamani lilikuwa limebomoka na jipya lilijengwa mbele kidogo, lakini mama mmoja anayeuza ndizi pale aliwaonyesha mahali. Walichimba shimo dogo, wakaweka msalaba wa saruji usio na jina, kwa sababu, dada yangu alisema, waliolala pale ni wengi na angeandika jina moja wengine wangeuliza. Kisha wakaimba. Wanawe hawajui nyimbo za kwaya ya zamani, kwa hiyo aliimba sauti zote nne peke yake, moja baada ya nyingine, na yule mama wa ndizi, aliyezijua, akamshikia ile ya tatu.

Alinisimulia hayo kwa simu asubuhi moja ya Jumapili, mimi nikiwa nimekaa ndani ya gari mbele ya kanisa, na mke wangu akinigongea kioo kuniambia ibada imeanza.